Sitara ya Nyumba

Atakaye kujua ukuta ni kitu gani katika Maniema ya kusini, na aende Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, mji uliokuzwa na dhahabu ya Namoya, akatazame namna nyumba za watu wa kawaida zinavyosimamishwa: fito huletwa kutoka msituni, zikapangwa na kufungwa kwa kamba, kisha udongo uliokandwa kwa miguu ukasukumizwa baina yake kwa viganja, na udongo ule ukishakauka hupasuka nyufa ambazo watoto huchungulia kwazo mpaka mama mwenye nyumba apate wasaa wa kuzisiriba, na juu yake huezekwa nyasi, au bati kwa aliyejaliwa kupata. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna kikohozi cha usiku asichokisikia jirani, wala ugomvi wa mume na mke ambao mtaa haujaupata kabla ya alfajiri, wala mgeni aliyeingia magharibi ambaye watu wa nyumba ya tatu hawajui kwamba amekuja, tena amekuja na mzigo. Na hata hivyo wakaao humo ni watu wenye sitara, tena wenye kuionea fahari, na anayeivunja hupata aibu isiyofutika upesi.

Jambo hili limenishughulisha fikra tangu nilipoanza kusoma habari za maarifa mapya ya kuwatambua watu walio nyuma ya kuta kwa mawimbi ya redio, yaani mawimbi yale yale ya waifai ambayo vijana hukaa karibu na duka la mwenye antena kuyatafuta. Waandishi wa Ulaya na Marekani wanapozieleza habari hizo huanza na ukuta: ukuta ulikuwa mlinzi, leo ukuta umetobolewa, basi tufanyeje? Mimi nashindwa kuanzia hapo, kwa kuwa ukuta wa kwetu haukupata kuwa mlinzi hata siku moja. Kilichoilinda nyumba ni kitu kingine, na tusipokijua ni kitu gani tutakwenda mbio kuongeza unene wa kuta ilhali kinachoibwa hakikuwa ukutani.

Mgeni mwenye adabu katika Kasongo ya waungwana haukabili mlango. Husimama kando, bega lake likielekea ukuta, akapiga hodi, akangoja kadiri ya mtu kujitanda kanga na kuondoa kilichopaswa kuondolewa, akapiga ya pili, na ya tatu, na asipojibiwa hurudi zake bila ya kinyongo, ijapokuwa amesikia kwa masikio yake mwiko ukigonga ukingo wa chungu. Adabu hiyo ina asili yake. Sura ya An-Nur imewaamrisha waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na kuwatolea salamu wenyewe, na wakiambiwa warudi, basi warudi. Tena ikaweka nyakati tatu, kabla ya sala ya alfajiri, na adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha, ambazo hata watoto na watumishi wa nyumba hiyo hiyo hawana ruhusa ya kuingia pasina kutaka idhini. Sikumbuki sheria yoyote ya leo, katika nchi yoyote, iliyofikia udakiki wa kuigawa siku hivyo na kumpa mtu sitara yake hata mbele ya wale anaokula nao sinia moja.

Na husimuliwa habari ya Khalifa Omar bin al-Khattab, kwamba usiku mmoja alipokuwa akizunguka mitaa ya Madina alisikia sauti ya mtu akiimba nyumbani mwake, akauparamia ukuta, akamkuta na pombe, akamkemea. Na yule mtu akamjibu kwamba ikiwa yeye amemwasi Mungu kwa jambo moja, Amiri wa Waumini amemwasi kwa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlango, na hakutaka idhini wala kutoa salamu. Omar akanyamaza, akamsamehe, akatoka. Wapo waisimuliao riwaya hii kwa ajili ya ujasiri wa yule mlevi, na wapo waisimuliao kwa ajili ya unyenyekevu wa Khalifa. Mimi hunivuta jambo la tatu, nalo ni kwamba hapana aliyekanusha kuwa pombe ilikuwapo. Alichokiona Omar kilikuwa kweli tupu, na ukweli wake haukumsaidia kitu, kwa sababu ya njia alimopita kuufikia.

Huko ndiko iliko sitara ya nyumba ya fito na udongo. Jirani ananisikia, nami namsikia. Ajua kwamba mimi najua kwamba anasikia. Na ujuzi huo wa pande mbili huzaa haya, na haya humfanya asubuhi tukutanapo kisimani aniulize habari za usiku kana kwamba yeye alilala usingizi wa mtoto mchanga. Sikio lake lina uso, lina jina, lina ukoo, na akilitumia vibaya nitajua pa kumshitaki, iwe kwa wazee wa mtaa au kwa mamaye. Hata wajenzi wa Lamu, waliokuwa na mawe ya matumbawe na chokaa na kuta nene ambazo sisi wa bara hatukuziota, hawakuutegemea unene peke yake: anayetoka barabarani hupita dakani, akaingia tekani, akalazimika kugeuka kabla ya kufika kiwandani, na vyumba vya misana na ndani vikazidi kurudi nyuma, kimoja baada ya kingine, ili jicho likatike njiani na mgeni ajue kwa mwili wake mwenyewe kwamba kila hatua ni idhini nyingine. Waungwana walioandamana na Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, na waliokaa Kasongo mpaka majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yalipouteka mji mwezi wa Aprili 1893, hawakuwa na matumbawe ya kujengea. Lakini pamoja na mpunga na miembe walikuja na adabu ya baraza na ya mlango, na adabu hiyo haikuhitaji jiwe.

Basi tuyatazame mawimbi yenyewe, maana watu wengi huyaogopa bila ya kuyajua, na wengine huyadharau kwa sababu hiyo hiyo.

Kisanduku cha waifai hutoa mawimbi ambayo urefu wake ni kama sentimita 12 na nusu yakiwa ya gigahezi 2.4, na takriban sentimita 6 yakiwa ya gigahezi 5. Udongo mkavu na mbao na matofali hayayazuii, huyapunguza nguvu tu, bati huyarudisha, maji huyanywa. Na mwanadamu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake ni maji, kila asimamapo, ainamapo, ageukapo kitandani, huyameza baadhi ya mawimbi na kuyatawanya mengine, kama mtu aliyesimama katikati ya mto Luama, ambaye mvuvi mzoefu aliye chini kwenye mkondo hujua kwamba yupo, na huenda akajua na ukubwa wake, kwa jinsi maji yanavyomfikia yeye mvuvi. Vyombo vyenyewe havikukusudiwa kuvua chochote. Ila ili simu na kisanduku vipate kusikilizana katika chumba chenye viti na watu, hapana budi kila kimoja kipime mara kwa mara njia ambayo mawimbi yamepitia, ni wapi yamedhoofika na ni wapi yamechelewa, kisha kijirekebishe. Na vipimo hivyo, ambavyo kazi yake ilikuwa ni kusafisha mazungumzo tu, ndivyo walivyovigeukia wataalamu wakavisoma kama shajara ya nyumba.

Mwanzo ulikuwa mzito. Neal Patwari na Joey Wilson wa Chuo Kikuu cha Utah, kati ya mwaka 2009 na 2010, waliizungushia nyumba viredio vidogo 34 ili wapate kufuatilia mwendo wa mtu aliye ndani yake. Na mwizi mwenye haja ya kuzungushia nyumba viredio 34 angekamatwa kabla ya kufikisha cha kumi. Lakini mwaka 2013, Dina Katabi na mwanafunzi wake Fadel Adib wa chuo cha MIT walionyesha chombo walichokiita Wi-Vi, nacho kilikuwa na antena tatu tu, mbili za kutuma na moja ya kupokea, na werevu wake ulikuwa katika jambo ambalo kila nilifikiripo hunipa mshangao: antena mbili zile hutuma mawimbi yaliyopangwa ili yabatilishane kila yanaporudi kutoka katika kitu kisichosogea, hata ukuta na meza na kabati vikajifuta vyenyewe, pasibaki cha kurudisha habari ila kilicho hai na chenye kwenda. Ukuta haukutobolewa, umeondolewa katika hesabu. Mwaka 2018 maabara hiyo hiyo ikaweza, kwa mawimbi ya redio, kuchora mtu aliye upande wa pili wa ukuta kwa mistari ya mikono na miguu, akikaa na kuinuka. Mwishoni mwa 2022 watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakatoa andiko la kutengeneza umbo la mwili kwa visanduku vya waifai vya kawaida, ingawa, na hili waliotangaza habari hiyo kwa kelele hawakulisema sana, programu yao ikipelekwa katika chumba isichokizoea hukosea mno. Na mwaka 2025 wataalamu wa Karlsruhe, Ujerumani, waliwajaribu watu 197 na kuonyesha kwamba mtu aweza kutambulikana yeye ni nani, karibu bila ya kukosea, kwa kupita tu katika mawimbi hayo, hata kama hana simu mfukoni. Na habari walizozitumia husafiri hewani bila ya kufichwa kwa siri yoyote, hata aliye barabarani aweza kuzichota.

Mtu wa Salamabila akisomewa haya atauliza, na ana haki ya kuuliza, yanamhusu nini yeye ambaye umeme wake ni wa kibati cha jua na intaneti yake huinunua kwa saa. Sidai kwamba yuko mtu huko leo anayemtazama kwa mawimbi. Lakini njia ya kufikia huko imekwisha kufyekwa. Mnamo Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo ilipiga marufuku vyombo vya Starlink vya intaneti ya setilaiti, kwa khofu ya kutumiwa na waasi. Mwezi wa Mei 2025 mamlaka hiyo hiyo ikatoa leseni. Na kila sahani ya setilaiti iwekwayo juu ya bati huwa na kisanduku chake cha waifai chini ya bati. Sehemu ambayo haikupata waya wa simu katika maisha yake yote itarukia moja kwa moja mawimbi, na nyumba zake, kama nilivyosema, ni za udongo, ambao ukikauka wakati wa kiangazi ni kama pazia mbele ya wimbi. Masika, ukuta ukilowa, hali huwa afadhali kidogo. Ni mara chache katika maisha ya mtu wa Maniema ambapo mvua iliyolowesha ukuta imemfaa.

Khofu ya mji wa dhahabu si ile ya mji wa ofisi. Huko Ulaya watu huogopa wauza bidhaa wasijue saa wanayoamka. Salamabila, nyuma ya pazia la chumba cha pili, kuna meza ndogo na mizani ya vikombe viwili inayoning'inia kwa uzi. Mnunuzi hukunjua kikaratasi, akamimina chengachenga, akazipitishia sumaku kuondoa mchanga mweusi, akapuliza kwa ncha ya midomo, kisha akaweka upande wa pili sarafu kuukuu zisizonunua tena kitu chochote dukani, na vijiti vya kiberiti kwa kile kidogo kinachozidi, mpaka mkono wa mizani utulie. Na hesabu ya tola husemwa kwa sauti ya chini hata asikiaye chumba cha kwanza aone kama watu wanasali. Sitara yote ya nyumba hiyo imo katika pazia lile. Anayeivizia hana haja ya sura ya mtu wala ya jina lake. Atosheka na maswali matatu: ndani mna watu wangapi, wako chumba gani, na je, wamekwisha kulala? Na kwa masikitiko, maswali hayo matatu ndiyo mepesi kuliko yote ambayo mawimbi yaweza kuyajibu, maana kifua cha aliyelala hupanda na kushuka kwa milimita chache, na milimita hizo chache zimekwisha kusomwa maabarani tangu miaka mingi. Katika mji ambao umeona watu wenye silaha wakiingia na kutoka, ambako kampuni ya Banro ya Kanada ilianza uchimbaji wake wa biashara mwaka 2016 na kusimamisha kazi 2019 kwa sababu ya usalama, mwenye kulichukulia jambo hili kama mchezo wa wanafunzi hajaujua mji huo.

Tena Kongo ya mashariki si mgeni wa macho yasiyoonekana. Ilikuwa Goma, mwezi wa Desemba 2013, ambako Umoja wa Mataifa ulirusha ndege zake za kwanza zisizo na rubani katika kazi ya kulinda amani, ndege zisizo na silaha, za kutazama tu. Na watu walio chini waliizoea ile sauti ya juu kama walivyozoea mengine. Sikusikia kwamba wao waliulizwa, na pengine katika vita hapana nafasi ya kuuliza. Najua tu kwamba mtu akizoea kutazamwa kutoka juu, kutazamwa kutoka ubavuni hakutamshitua.

Liko na tukio jingine, la kale zaidi, ambalo nalitaja kwa sababu limenifundisha kutoyahukumu mawimbi kwa haraka. Daktari Livingstone alikwama Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare, tangu Julai 1870 hata Februari 1871, miguu yake imejaa vidonda. Na katika safari ile karatasi ilipomwishia akawa akiandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa matunda ya nchi, nao wino huo ukafifia hata pasisomeke kitu kwa jicho. Kitabu kilichochapwa mwaka 1874, baada ya yeye kufa, kilipita mikononi mwa wenye kukisafisha. Zaidi ya karne moja baadaye, wataalamu wakazipiga picha karatasi hizo kwa nuru za namna nyingi, zikiwamo zile ambazo jicho la mwanadamu halizioni, na maandishi yakarudi, pamoja na yale aliyoyaandika papo hapo juu ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871 kabla ya yeye mwenyewe kuyapanga upya kwa ajili ya wasomaji wa kwao. Hapo marehemu hakupigiwa hodi. Nami sioni uchungu, maana waliouawa sokoni Nyangwe walikuwa na haki juu ya karatasi ile kuliko aliyeiandika. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila kuona kupita kizuizi ni dhuluma. Nasema kwamba palikuwa na wenye haki, na kwamba haki yao yaweza kutajwa hadharani bila ya mtu kuinamisha kichwa.

Sheria zetu, kwa maandishi, hazina upungufu. Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 29, yasema makao ya mtu hayaingiliwi wala hayapekuliwi ila kwa namna iliyowekwa na sheria. Kifungu cha 31 chahifadhi maisha ya faragha na siri ya mawasiliano. Na Machi 2023 ikatoka Sheria ya mambo ya dijitali iliyoweka masharti juu ya habari za watu binafsi. Lakini aliyeandika juu ya kuingilia makao alikuwa na sura ya askari mwenye kuvuka kizingiti, na aliyeandika juu ya siri ya mawasiliano alikuwa na sura ya barua iliyofunguliwa kwa mvuke. Mtu aliyelala kitandani hakuwasiliana na mtu yeyote, na hapana aliyevuka kizingiti chake. Yuko baina ya vifungu viwili, kama mgeni aliyelazwa ukumbini.

Wamarekani walilikuta shimo hilo kabla yetu, na namna walivyojaribu kulifukia yafaa kutazamwa. Mwaka 2001 mahakama yao kuu iliamua shauri la mtu mmoja wa Oregon, Danny Kyllo, ambaye askari walikaa nje ya nyumba yake na chombo cha kupima joto la kuta, wakajua kwamba ndani mna taa kali za kuoteshea bangi. Na mahakimu watano kwa wanne wakasema kwamba kutumia chombo ambacho raia hawanacho kwa kawaida, ili kujua ya ndani yasiyojulikana ila kwa kuingia, ni upekuzi, na wataka hati ya hakimu. Kama katika riwaya ya Omar, bangi ilikuwapo kweli, na mahakama haikuona kwamba kuwapo kwake kunaihalalisha njia. Lakini waliiweka hukumu yao juu ya nguzo dhaifu, ile ya chombo ambacho raia hawanacho. Kumbe mwezi wa Januari 2015 ikatangazwa kwamba vyombo vya rada vya kushika mkononi, viwezavyo kuhisi pumzi ya mtu kupita ukuta, vimekwisha kuwa mikononi mwa idara za usalama zisizopungua 50. Na sasa kisanduku cha namna hiyo kiko katika kila nyumba yenye intaneti. Haki ya sitara ikipimwa kwa uhaba wa chombo cha kuivunjia, chombo kikawa rahisi, haki nayo itakuwa rahisi vivyo hivyo, na aliyeandika hukumu atakuwa amewaachia wenye viwanda kuifuta pole pole bila ya kurudi mahakamani.

Idhini ndiyo nguzo ninayoiona mimi, na idhini si neno la kutia saini. Katika mwaka huo wa 2025 wahandisi wa IEEE walikamilisha kanuni waliyoipa alama 802.11bf, inayowezesha visanduku vya waifai kuhisi mwendo na uwapo wa watu kama kazi yao rasmi, isiwe tena ya kuokotwa pembezoni. Mambo mengi mema yametajwa kuihimiza: mzee aliyeanguka ajulikane, taa izimike chumba kikiwa kitupu, mgonjwa ahesabiwe pumzi zake bila ya kufungwa nyaya. Si uongo, Katabi mwenyewe na wenzake walionyesha mwaka 2022 kwamba maradhi ya Parkinson yaweza kutambulikana kwa namna mtu anavyopumua usingizini. Ila ni nani mwenye kuulizwa? Aliyekinunua kisanduku, bila shaka, ambaye atabonyeza kitufe cha kukubali asichokisoma. Na mkewe? Na mpwa aliyekuja kusoma? Na mtumishi wa jikoni? Na mchimbaji aliyepanga chumba cha ua kwa mwezi, ambaye kisanduku si chake wala nenosiri halijui? Na jirani, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja, na kitanda chake kiko umbali wa dhiraa tatu kutoka katika antena yangu? Wimbi halijui mpaka wa kiwanja. Katika nyumba za kwetu, ambamo watu wa matumbo matatu hulala chini ya bati moja, kusema kwamba mwenye nyumba amekubali ni kusema kwamba mtu mmoja amewavua nguo kumi.

Wenye umri watakumbuka foni, ile redio ya masafa marefu iliyokuwa misheni na kwa wafanyabiashara wakubwa kabla ya simu za mkononi kuenea. Mtu alisimama foleni, ikafika zamu yake, akapaza sauti kumwambia kaka yake aliye mbali kwamba mama ni mgonjwa na pesa ya dawa haipo, na foleni nzima ikasikia, na kila aliyefungua mtambo wake kwenye mlio ule akasikia pia. Hapakuwa na siri hata kidogo. Lakini kila mmoja alijua kwamba hapana siri, akachagua la kusema na la kufumba, na mafumbo ya foni yalikuwa elimu yake. Anayesomwa kwa pumzi zake hana la kufumba. Hawezi kupumua kwa mafumbo.

Kuna mlango mmoja ambao ningeuacha wazi bila ya kubishana. Mafakihi walipozungumza juu ya kutaka idhini walisema kwamba nyumba ikishika moto, au mwizi akiwa ndani, anayekimbilia kuokoa hangoji hodi ya tatu. Na wakaongeza kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, haizidishwi. Baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, chombo kiitwacho FINDER, kilichobuniwa katika maabara ya NASA, kiliwahisi kwa mapigo ya moyo wanaume wanne waliofukiwa katika mji wa Chautara, wakatolewa wakiwa hai. Kwetu mashimo ya dhahabu huporomoka, hasa wakati wa mvua, na jamaa wa waliofukiwa husimama ukingoni wakichimba kwa majembe bila ya kujua waelekeze wapi, upande huu au ule, na saa zinapita. Chombo cha kuhisi pumzi chini ya udongo kingewafaa wachimbaji hao kuliko mtu mwingine yeyote duniani, na hapana mmoja wao ambaye angedai aulizwe kwanza. Sishangai kwamba bado sijaona mfanyabiashara aliyekitangaza chombo hicho Maniema, maana aliyefukiwa hanunui vocha.

Basi kisanduku kitakapofika, kwa kuwa kitafika, kikiwa kimefungwa katika boksi lake na kijitabu cha maelezo kwa lugha mbili ambazo hata moja mwenye duka haisomi, jambo la kutakwa kwa mamlaka ya Kinshasa na kwa wenye leseni ni dogo, tena laweza kuandikwa katika nusu karatasi: kwamba uwezo wa kuhisi watu uwe umezimwa tangu kiwandani, kwamba vipimo vinavyopita hewani vifichwe kama yanavyofichwa maneno, kwamba atakayeuwasha awaambie kwa lugha yao wote wanaolala chini ya paa hilo, na aliyepakana naye ukuta, na kwamba mmoja wao akisema la, akiwa ni mke, akiwa ni mpangaji wa ua, uzimwe, na asiulizwe sababu. Najua watakaosema kwamba sharti hilo halitekelezeki, kwamba hapana mkaguzi wa kutoka Kindu kwenda kubisha nyumba kwa nyumba. Ni kweli. Lakini hapakuwa na mkaguzi wa hodi pia, na watu waliipiga, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba aliye ndani ana haki ya kumrudisha; na haki hiyo haiwezi kudaiwa na mtu ambaye hajaambiwa kwamba yuko aliyesimama mlangoni.